Ruzuku ya kwanta: tuanze na mizani

Jioni moja ya msimu wa karafuu huko Mtambwe, Pemba, wachumaji walikuwa wanateremsha mapakacha uani kwa ami yangu. Ikatolewa pishi: kopo la bati lililobonyea ubavu mmoja, limo nyumbani mle tangu enzi za babu. Bi mmoja alijaza zake, akapitisha kiganja juu ya mdomo wa kopo, karafuu za juu zikarudi pakachani. Ami akatikisa kichwa. "Mwanangu, pishi ya hapa ni ya tele." Yule bi akajibu kwa upole: "Kule tulikotoka jana walipima mfuto, ami." Hakuna aliyepandisha sauti. Walikubaliana pishi tano za mwanzo ziwe za tele na zilizobaki ziwe za mfuto, na usiku ule kila mmoja alilala akiamini amepunjika.

Nimeanza na pishi hiyo kwa sababu nataka kuzungumzia jambo linaloonekana kuwa mbali nayo kabisa: ruzuku za kuitoa teknolojia ya kwanta maabara na kuiingiza viwandani. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, kwa azimio ambalo rasimu yake iliwasilishwa na Ghana, nchi ya Afrika kama yetu. Sasa swali limefika hata kwetu Zanzibar, kwa walimu wa vyuo na vijana wa kompyuta: na sisi tuombe? Na tukipewa, fedha hizo tuzitie wapi? Wengine wanasema ni anasa kwa visiwa ambavyo bado vinahangaika na maji ya bomba. Wengine wanasema tukisubiri tena, tutabaki kuuza mali ghafi mpaka wajukuu zetu. Nimewasikiliza wote, na sioni upande wa kupuuzwa.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Fizikia ya kwanta ndiyo elimu ya tabia za atomu, elektroni na chembe za mwanga. Matunda yake ya mwanzo tunayo mikononi: transista ya 1947, leza ya 1960, na kila simu iliyojengwa juu ya elimu hiyo. Kinachogombaniwa leo ni kizazi cha pili, ambapo mwanasayansi anaishika atomu moja moja na kuiamrisha. Humo mna kompyuta za kwanta, mawasiliano ya siri, na vihisi vinavyoweza kunusa mabadiliko madogo mno ya sumaku, ya mvutano wa ardhi au ya wakati. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walionyesha kihisi cha mvutano kilichogundua handaki lililofukiwa, nje ya maabara, pasipo kuchimba hata shimo. Vipo pia vihisi vya almasi vinavyoweza kufuata nyendo za umeme ndani ya chipu bila kuivunja. Kwa kiwanda hiyo ni faida inayoeleweka, maana kasoro inaonekana kabla mali haijatoka mlangoni.

Fedha zinazomwagwa huko ni nyingi. Marekani ilipitisha sheria yake ya kwanta mwaka 2018, ikiidhinisha dola bilioni 1.2 kwa miaka 5. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka huo huo mpango wa yuro bilioni 1 kwa miaka 10. Uingereza mwaka 2023 ilitangaza pauni bilioni 2.5 kwa miaka 10, na India mwaka huo huo ikatenga zaidi ya rupia bilioni 60.

Kwa nini itoe serikali, na benki zipo? Kwa sababu kati ya maabara na kiwanda pana kipande cha njia kisichokuwa na muuzaji wala mnunuzi. Mtafiti ameshaandika makala yake na kupongezwa. Mwenye kiwanda anataka mashine isiyosimama zamu ya usiku. Benki inataka rehani, na atomu haziwekwi rehani. Ruzuku imekusudiwa kipande hicho. Mwaka 2019 Uingereza ilitoa pauni milioni 153 kwa kazi hiyo, na viwanda vikaahidi milioni 205 juu yake. Kwa kawaida kampuni ndogo ya huko hufidiwa mpaka asilimia 70 ya gharama za utafiti wa kiviwanda na kubwa asilimia 50, na fedha hulipwa kila baada ya miezi 3, kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Marekani, tangu 1982, kampuni ndogo zinapandishwa ngazi tatu: ya kwanza kujaribu wazo, ya pili kulijenga, na ya tatu kulipeleka sokoni, ambako fungu lile la ruzuku halifiki tena. Mpango huo naupenda kwa ukali wake. Unamwambia mtu tangu siku ya kwanza kwamba iko siku atasimama kwa miguu yake.

Sasa tuje kwetu.

Wanaotaka tuingie wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Karafuu tumeipeleka nje ikiwa kavu kwa karne mbili karibu, na thamani kubwa ikaongezwa kwingine. Mwani tunaukausha na kuufunga kwenye magunia, hasa kwa jasho la kina mama wa Paje, Jambiani na Pemba, kisha unakwenda kugeuzwa huko nje na kuturudia ndani ya dawa ya meno. Huko Bara, mwaka 2016, ilitangazwa kuwapo kwa heliamu katika bonde la Rukwa, na heliamu ni gesi ambayo mitambo mingi ya kwanta huihitaji ili ipoe. Mtu akisema "msije mkaiuza heliamu kama mlivyoiuza karafuu", siwezi kumwambia anaota. Watu nao wapo. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ipo Tunguu, Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ipo Mbweni, na tangu Novemba 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ina kampasi yake Bweleo, ya kwanza ya vyuo vya IIT kufunguliwa nje ya India. Katika mpango wa kwanta wa India, IIT Madras ndiyo iliyopewa kituo cha mawasiliano, na IIT Bombay kituo cha vihisi na vipimo. Mlango huo uko kwenye ardhi yetu, hatuhitaji viza kuubisha.

Na kujifunza kompyuta ya kwanta hakudai kuimiliki. Kampuni ya IBM iliweka yake kwenye mtandao tangu 2016, na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini kiliingia nayo ubia uliokusudiwa kuvifungulia njia vyuo wenzake vya utafiti barani. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi na kifurushi cha intaneti anaweza kuandika programu leo na kuituma.

Wanaopinga nao hawasemi kwa uvivu wa fikra. Wanakumbuka Disemba 2009, umeme unaotoka Bara ulipokatika na Unguja ikakaa takriban miezi 3 bila huo umeme. Mahoteli yaliunguruma kwa majenereta, na mwenye cherehani ya umeme alikaa bure. Pemba yenyewe ilikuwa inaendeshwa na majenereta ya dizeli mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010. Aina nyingi za kompyuta ya kwanta hutaka baridi ya karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, mchana na usiku, na mtambo ukishapata joto, kuupoza tena ni kazi ya siku kadhaa. Haya si mambo ya kuyasogeza kando kwa kusema "umeme umeimarika".

Hoja yao ya pili inaniuma zaidi kwa sababu nimeiona kwa macho. Chumba kimoja cha maabara nilichokijua kililetewa mashine ya kupimia, mpya, na utepe ukakatwa. Mtaalamu aliyekuja nayo alikaa wiki mbili. Mwaka wa pili kikaharibika kipuri kidogo mfano wa kidole, na katika bajeti ya mradi hapakuwa na fungu la vipuri kwa sababu mradi ulikuwa umeshafungwa. Mara ya mwisho nilipoingia, mashine ilikuwa imefunikwa kanga ya kijani, imefungwa vizuri kwa mapenzi, na juu yake pana kijitabu cha maelezo. Fundi aliyefundishwa kuitumia alikwishahamia Dar es Salaam. Anayesema ruzuku ya kwanta itaishia chini ya kanga nyingine ana ushahidi.

Mimi naona pande zote mbili zinabishania kompyuta, na ndiyo maana hawakutani. Kwa kazi za kiwandani, kama kupanga zamu, njia za magari au mchanganyiko wa malighafi, zile za kwanta bado ziko kwenye majaribio, hata kwa makampuni makubwa ya magari na ndege. Kazi ya kila siku inafanywa na kompyuta za kawaida. Kuweka fedha ya Zanzibar hapo ni kwenda kushindana mahali ambapo hata matajiri hawajapata faida.

Mahali ambapo kwanta imeshaingia kiwandani, kimya kimya, ni kwenye kipimo. Sekunde tangu 1967 inahesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya siziamu. Volti, kipimo cha umeme, inapatikana kwa athari ya kwanta aliyoibashiri mwanafizikia Brian Josephson mwaka 1962. Na kilo? Mpaka tarehe 20 Mei 2019 dunia nzima ilikuwa na pishi yake: kipande cha platinamu na iridiamu, kimefungiwa karibu na Paris tangu 1889. Nakala zake zilipoletwa kulinganishwa nacho, zilionekana zimeachana nacho kidogo kidogo, na hakuna aliyeweza kusema kwa yakini nani kabadilika. Wakubwa hao nao walikuwa na tele na mfuto yao. Walipochoka, kilo wakaifunga kwenye namba ya Planck, namba ya kwanta, isiyobonyea ubavu.

Kutoka kwenye namba hiyo hadi mzani wa dukani pana mnyororo, na kazi ya kuushika mnyororo huo, kukilinganisha kila chombo na kilicho sahihi kuliko yeye, mafundi wa viwango wanaiita ugezi. Sisi tuna Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya 2011. Tuna kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, Wawi, tuna maeneo huru ya uchumi ya Fumba na Micheweni. Pipa la mafuta ya karafuu likifika kwa mnunuzi wa nje, linauzwa kwa karatasi ya maabara inayoonyesha kiasi cha eugeno, kemikali kuu ya mafuta hayo. Karatasi yetu ikiaminika, bei tunaisema sisi. Isipoaminika, anapima yeye, na tunasubiri atuambie kama pipa letu ni tele au mfuto.

Kwa hiyo nikiulizwa ruzuku iende wapi, nasema iende kwenye ugezi na vihisi, na iguse bidhaa tunazouza leo.

Rafiki yangu anayefundisha fizikia hakuridhika niliposema hivi. "Sheikh, ugezi si ubunifu. Mfadhili wa kwanta hatoi fedha ya mizani." Kwa sehemu ana haki. Mizani peke yake haitomfanya kijana wa Mbweni awe mvumbuzi, na nikilitetea wazo langu kwa ukaidi nitakuwa nawafungia vijana dari. Tulipoendelea kuzungumza tukagusa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Vihisi hivi vingi vimezaliwa kwenye vyumba vya baridi, vikavu, visivyo na vumbi. Hapa kwetu hewa ina chumvi inayokula bawaba za mlango, unyevu wa masika unaotia kuvu kwenye viatu, na umeme unaopanda na kushuka. Mtengenezaji yeyote anayetaka kuuza kwenye pwani za joto itambidi avijaribu mahali kama Micheweni. Majaribio hayo ni kazi ya kulipwa, ni utafiti halali, na fundi wa ugezi ndiye mtu wa kwanza atakayehitajika. Hapo mwalimu wa fizikia na mimi tulikubaliana.

Lakini masharti ya ruzuku yasinakiliwe kutoka Uingereza. Kulipwa baada ya miezi 3 kunawezekana kwa kampuni yenye akiba. Karakana ya Chake Chake yenye watu wanne itakuwa imeshafungwa kabla hundi haijafika. Sehemu itolewe mwanzo, na kinachobaki kifungwe kwenye mambo yanayoonekana, kwa mfano barua ya mnunuzi aliyekubali cheti chetu. Ukali wa Wamarekani tuuchukue, kwamba ngazi ya mwisho ni soko. Ila kwetu ngazi ya kwanza iwe ndefu, maana tunaanzia kwenye bati lililobonyea.

Ningepewa fomu ya maombi leo, mstari wa kwanza ningeandika mishahara ya mafundi wawili wa ugezi, Pemba, miaka 5, kwa kiwango kitakachowafanya wasitamani boti ya kuhamia Dar es Salaam. Wa pili, vipuri, kwa miaka hiyo hiyo 5. Wa tatu, ubia na wale wa vihisi kule Bombay, kwa kupitia majirani zetu wa Bweleo, wa kujaribu vyombo vyao kwenye chumvi yetu. Kompyuta ya kwanta nisingeiandika. Ningeomba saa za kuitumia kwa mtandao kwa wanafunzi wa Tunguu na Mbweni, na intaneti isiyokatika katikati ya kazi.