Boliti ya Kumi na Moja

Hilux yangu ni ya mwaka 1986, rika moja na serikali tuliyo nayo, na siku ilipoamua kuchemsha ilichagua Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira hapa Uganda, mahali ambapo gari haliwezi kusimama bila kuzungukwa na vijana wanaouza gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wa kuchoma. Nilifungua boneti, mvuke ukapanda kama wa sufuria ya pilau ya harusi, na kijana mmoja, badala ya kunipa pole, akapitisha mshikaki wa kuku katikati ya mvuke huo huo na kuniuliza kama nataka na pilipili.

Nilifika nyumbani Walukuba, Jinja, kwa kusimamasimama na kutia maji. Jioni nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikamwonyesha mke wangu.

"Baba Halima," alisema, "nani amemwaga chai ya maziwa kwenye injini?"

Hakuna fundi ambaye angelieleza tatizo hilo vizuri zaidi. Gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu inayobanwa kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ili maji, oili na moto wa silinda visikutane, ilikuwa imeungua, na vitu hivyo vilikuwa vimekutana na kuzoeana. Fundi wa mjini alinitajia bei ambayo papo hapo ilinifanya nigundue kwamba nami nina kipaji cha ufundi.

Jumamosi asubuhi niliegesha gari chini ya mwembe. Jirani yangu, sajini mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Afande, alileta kigoda na redio yake, akajiteua kuwa msimamizi. Jeshini aliwahi kuendesha malori, jambo ambalo si sawa na kuyatengeneza, lakini cheo ni cheo. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimemwaga maji ya rejeta, nimetoa kabureta, nimefunga mnyororo wa taimingi kwa waya usije ukadondokea ndani, na nimefungua boliti kumi za hedi, ambazo Afande alizihesabu kwa sauti kila nilipoitia moja katika kopo la maziwa ya unga. Kitabu cha gari kilisema kumi. Tulikuwa nazo kumi.

Hedi haikutikisika.

Niliigonga kwa kipande cha ubao, nikaigonga tena, kisha nikaitukana kwa lugha tatu. Afande alieleza kwamba gasketi iliyokaa miaka mingi hushika kama gundi, na kwamba dawa yake ni nguvu. Tuliazima winchi ya mnyororo, tukaitundika kwenye tawi nene la mwembe, tukafunga hedi, na vijana wanne wakaanza kuvuta huku wakiimba. Mnyororo ulikaza, tawi likalia, majani na maembe mawili mabichi yakatuangukia, na nikaona kitu kikipanda polepole. Nilipiga kelele za ushindi. Mke wangu, aliyekuwa akianua nguo, ndiye aliyetuambia kwamba kinachopanda ni gari zima: springi za mbele zilikuwa zimelegea, na bampa lilikuwa limeinuka kiasi cha shubiri moja.

"Shusha!" aliamuru Afande, amri pekee ya siku ile iliyokuwa na maana.

Katika purukushani ya kushusha, nati moja iliponyoka mkononi mwangu ikazama katika kidimbwi cha oili kilichotuama mbele ya hedi, chini ya mahali nilipotoa gia ya mnyororo. Vidole vyangu havikuingia. Nilimwita Athumani, mjukuu wa Afande, mwenye miaka minane, nikamwahidi shilingi mia moja. Alizamisha mkono, akapapasa huku ametoa ulimi, akanikabidhi nati yangu, kisha akaurudisha mkono.

"Mzee, hiyo ndiyo yako. Lakini hii nyingine imekataa kutoka."

Nilifyonza oili ile kwa kitambaa na kumulika kwa tochi. Pale chini, imetulia kama kiboko mtoni, ilikuwa boliti ndogo ya spana namba 12, inayoishika hedi kwenye kifuniko cha mnyororo wa taimingi. Injini hii ya 22R inayo, na huwa imelala ndani ya oili hivyo hivyo. Niliifungua kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kufunga kamba za viatu, nikasukuma hedi kwa kiganja, ikaachia.

"Nilijua tu," alisema Afande.

Hedi ilipelekwa kunyooshwa kwa mashine, kwa sababu hedi ya aluminiamu hupinda ikichemshwa, na wiki iliyofuata niliirudisha juu ya gasketi mpya. Boliti kumi nilizikaza kwa mizunguko mitatu, nikianzia katikati kwenda pembeni, mpaka spana ya kipimo iliposoma nyutoni-mita 78. Ya kumi na moja ilinishinda, kwa maana kila nilipoielekeza kwenye tundu lake iliteleza, nikatuma mtu amwite Athumani.

Alikuja na sare ya shule, akakunja mkono wa shati, akasimama mbele ya gari bila kugusa kitu.

"Leo ni elfu moja," alisema.

"Juzi si ilikuwa mia?"

"Juzi nilikuwa sijajifunza kazi."

Nilimgeukia babu yake anisaidie. Afande alipunguza sauti ya redio.

"Mlipe fundi," alisema.