Mabasi ya ghorofa ni mazuri, ila tazameni ngazi

Habari inasema jiji litaleta mabasi ya ghorofa kupunguza msongamano vituoni. Mimi naunga mkono kabisa. Basi moja linabeba abiria wengi zaidi bila kuongeza urefu wake barabarani, na kwenye foleni hilo si jambo dogo. Hong Kong wanayo tangu 1949, Singapore tangu 1977, na London ndiyo usafiri wao wa kila siku.

Wasiwasi wangu ni ngazi. Jioni moja nilikuwa ndani ya basi la namna hiyo, limejaa. Mama mmoja alikuwa katikati ya ngazi akishuka, mtoto mgongoni, mkono mmoja kwenye chuma, dereva akaondoa gari. Goti lake likagonga kidato. Tulimdaka wawili. Jamani, dereva angesubiri sekunde tano tu! Mabasi ya Berlin yana ngazi mbili, kwa hiyo wanaopanda hawasukumani na wanaoshuka. Tuagize ya namna hiyo.

Halafu kuna kimo. Basi hili lina zaidi ya mita nne, hivyo matawi, nyaya na madaraja ya kila njia vipimwe kabla halijapita hata mara moja. Juu asisimame mtu, kwa sababu uzito ukizidi juu gari huyumba kwenye kona. Uingereza ni marufuku. Viti vya chini karibu na mlango waachiwe wazee, wajawazito na wenye ulemavu.