Seli Nyingine Zilikuwa Wapi?

Juzi jioni nilikuwa kwa shangazi, redio imewashwa, mgeni wa kipindi anazungumzia kansa. "Ni seli moja tu iliyoasi," akasema, wakaenda kwenye matangazo. Shangazi, ambaye mwaka jana alichukuliwa kinyama cha titi kikapimwe kansa, akaacha kuchambua mchele, akanitazama. "Sasa mwanangu, hizo nyingine zote zilikuwa wapi?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Wagonjwa wanastahili jibu lake, nasi kila siku tunaishia kwenye ile seli moja.

Mwaka 2007 maabara ya mtafiti Erik Sahai, London, ilionyesha jambo ambalo kila nikilifikiria nasisimka. Seli za kansa ziliwekwa juu ya jeli nzito ya kolajeni, ile protini ya nyuzi inayoshikilia tishu za mwili. Zikiwa zenyewe, zilibaki juu. Zilipochanganywa na faibroblasti, seli zisizo za kansa zinazotusaidia kufunga vidonda, hali ikabadilika: faibroblasti ikatangulia, ikakata na kusukuma nyuzi, ikaacha kijia nyuma yake, na seli za kansa zikafuata kwa msururu, zimeshikana. Hata faibroblasti zilipoondolewa, vile vijia vilitosha. Mwaka 2017 ikaonekana zaidi: aliyetangulia anamshika mfuasi kwa protini za kadherini na kumvuta. Jirani anamvuta mvamizi kwa mkono!

Haya, nakubali, jeni zisipoharibika safari haianzi. Lakini mwaka 1984 mtafiti Mina Bissell na mwenzake walionyesha kwamba virusi vya Rous, vinavyompa kuku uvimbe, vikiingizwa kwenye kiinitete ndani ya yai, uvimbe hautokei. Seli za kiinitete hicho hicho zikitolewa na kukuzwa kwenye sahani ya maabara, zinageuka kuwa kama za kansa. Virusi ni vile vile, mtaa ndio umebadilika.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu la haraka: basi ziuawe faibroblasti. Lilijaribiwa kwa panya wenye kansa ya kongosho, na matokeo yaliyotoka 2014 yanatisha: uvimbe ulizidi ukali, panya wakafa mapema. Kumbe baadhi ya majirani walikuwa wakiuzuia.

Nilirudi kumweleza shangazi haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, ungo mapajani.

"Kwa hiyo wapo waliofungua mlango, na wapo waliokuwa wameushikilia."

"Ndiyo, shangazi."

"Na dawa itawajuaje?"

Hapo ndipo watafiti wanapohangaika sasa hivi.