Boriti, Mataruma na Ua Lisiloota: Je, Sanaa Huiga Maumbile?

Mitaani Mji wa Kale, Mombasa, kuna milango ya nakshi yenye maua ambayo hayajaota katika shamba lolote. Petali zimepimwa kwa bikari, zote sawa. Anayedai kwamba sanaa haina deni kwa maumbile hahitaji shahidi mwingine. Hegel, aliyefundisha falsafa ya sanaa Berlin miaka ya 1820, angeufurahia mlango huo: kwake uzuri wa sanaa unaupita wa maumbile kwa kuwa umezaliwa na roho ya mtu, na kunakili kilichopo tayari ni kazi bure. Aliyeziona picha za machweo zinazouzwa ufukweni, kila moja na mnazi wake ulioinama, atamwelewa.

Lakini huko ni kuiga kwa aina moja tu, kule alikokudharau Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliposema mchoraji wa kitanda yuko mbali na ukweli kuliko hata seremala. Aristotle, mwanafunzi wake, alipoandika kwamba sanaa huiga maumbile hakuwa akizungumzia sura. Aliongeza kwamba sanaa hukamilisha yale ambayo maumbile hayawezi kuyamaliza. Akatoa na mfano ambao mtu wa Pwani hawezi kuupita hivi hivi: kama ufundi wa kuunda vyombo ungekuwamo ndani ya mbao, vyombo vingejitokeza vyenyewe.

Fundi wa jahazi analijua hilo bila kumsoma Mgiriki. Kwa mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafuta mti uliokwisha kupinda wenyewe, kwa sababu nyuzi zikiufuata mpindo, taruma halivunjiki upesi. Jahazi halifanani na mti wowote, ila kazi ya mti inaendelea ndani yake.

Halafu kuna boriti, na hapa naomba subira. Vyumba vya nyumba za mawe za kale ni virefu na vyembamba, upana wake mita 2.5 hadi 3 hivi. Mgeni hudhani ni sitara, au mila tu. Sababu kubwa iko juu ya kichwa chake: dari la mawe na chokaa limebebwa na boriti za mikoko, na ukiupita urefu huo boriti haihimili uzito. Basi mkoko, mti wa matopeni, ndio uliopanga upana wa chumba, na chumba kikapanga mahali pa kitanda na namna wageni wanavyoketi. Hata zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilichongwa kwenye matumbawe yakiwa bado laini, yametoka baharini karibuni. Yakikauka yanakuwa magumu. Nani hapo aliyemnakili nani?

Nakiri ua la mlangoni bado linanishinda. Patasi ilifuata nyuzi za mbao, lakini mchoro ulitoka kwenye bikari, na hapo Hegel ana haki yake. Zege nayo inamuunga mkono: kwa nondo za kutosha unapata chumba cha mita 6 bila kuuliza mkoko. Nimeketi katika vyumba hivyo. Ni vipana, vina hewa, na kila nikitafuta kilichoamua umbo lake naona mipaka ya kiwanja tu.