Ule mwaloni wa Hampton na mwembe wetu

Mwaka jana nilienda kumsalimia dada yangu Virginia, Marekani, na kabla hata sijapanda ndege nilishamwambia dada mimi nataka kuuona ule mwaloni wa Hampton. Akashangaa, mdogo wangu unavuka bahari yote hiyo uje kuangalia mti? Nikamwambia ndio dada, mti.

Upo karibu na lango la Chuo Kikuu cha Hampton. Sio mrefu sana, ila umetanda hatari, kutoka ncha ya tawi la huku mpaka la kule ni kama mita 30, na aina hii ya mwaloni haibaki uchi wakati wa baridi kama mialoni mingine, kivuli kipo mwaka mzima. Nilikaa karibu yake muda mrefu tu bila kuongea.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe ndo vimeanza, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, wakatoroka usiku kwa mashua mpaka ngome ya Fort Monroe iliyokuwa bado mikononi mwa jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Marekani. Bwana wao akatuma mtu kuwadai, jenerali Benjamin Butler akakataa, akasema nyie mmejitoa Marekani halafu mnadai haki kwa sheria ya Marekani, hawa nawashika kama mali ya adui. Binadamu kuitwa mali inauma, lakini mlango ndo ukafunguka hapo, wengine wakamiminika mamia kwa mamia. Mwezi wa nane jeshi la Kusini, la majimbo yaliyojitoa, likauchoma moto mji wa Hampton. Na mwezi uliofuata tu, tarehe 17, mama mmoja mweusi aliyezaliwa huru, Mary Peake, akawakalisha watu chini ya ule mwaloni akaanza kuwafundisha kusoma. Jamani, tangu 1831 sheria ya Virginia ilikuwa inakataza kuwafundisha watumwa kusoma, na huyu mama alikuwa anafundisha kwa siri nyumbani kwake miaka mingi kabla ya vita! Kifua kikuu kikamuua Februari 1862, hata miaka arobaini hajafika. Mwaka 1863 watu wakakusanyika palepale mtini wakasomewa tangazo la rais Lincoln la kuwaacha watumwa huru, ndo maana mpaka leo unaitwa mwaloni wa ukombozi.

Sasa huku kwetu ukisikia "watoto wanasoma chini ya mwembe" ujue ni habari ya aibu, na ni kweli mtoto anastahili darasa na dawati, hilo sibishani na mtu. Ila mimi a e i o u nilizijulia chini ya mwembe, mwalimu ameegesha ubao kwenye shina, mvua ikija tunakimbia na ubao wetu. Shule ilikuwa na miembe miwili. Ule wa kwanza wameukata kupisha ukuta, na ukuta ungeweza kukunja hatua tano tu ukapita pembeni, hakuna aliyeuliza mzee yeyote mti huu umepandwa na nani, nimerudi nimekuta kisiki na wanakichomea takataka. Niliumia sana, sifichi.

Na sio kwamba haiwezekani. Nairobi mwaka 2020 ule mugumo mkubwa wa Westlands, mti wa jamii ya mkuyu, ulikuwa uondoke kupisha barabara ya juu, watu wakapiga kelele, serikali ikaagiza ubaki na upo mpaka leo. Kama barabara ya magari imeweza kuupisha mti, ukuta wa shule ya msingi unashindwaje?

Mwembe wetu wa pili bado upo, na unazaa. Nimemfuata mwenyekiti wa kamati ya shule nikamwomba tuuwekee kibao, tuandike darasa la kwanza lilianzia hapa na miaka yake, amesema niandike barua. Nimeshaiandika, naipeleka Jumatatu.