Karafuu ya pilau na karafuu ya kichupa

Kichupa kilicho mezani kwangu ni cha mililita 10, cha rangi ya kahawia, kina kifuniko cha kusokota na karatasi iliyoandikwa "Mafuta Halisi ya Karafuu". Nilikinunua kwa ajili ya jino. Mama aliyeniuzia alinitoa wasiwasi: "Weka tu mwanangu, hii haina kemikali." Akaongeza kwamba yanafaa pia kuchua mgongo, kupaka nywele zinazokatika, na kumpaka mtoto anayeota meno. Usiku ule nilichovya pamba nikaibana penye jino, na baada ya dakika chache maumivu yakatulia kabisa. Asubuhi ufizi ulikuwa mweupe, umebabuka kana kwamba umemwagikiwa chai ya moto.

Nafuu ile na babuko lile ni kazi ya kitu kimoja, eujenoli. Ndiyo inayoipa karafuu harufu yake, na katika mafuta ya karafuu hufika asilimia 70 hadi 90. Imo pia kwa wingi kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, ambavyo kiwanda cha Wawi kule Pemba huvigeuza mafuta. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda, na ndiyo maana vyumba vyao hunukia kama jikoni kwa bibi. Wenye viwanda huitia kwenye sabuni, manukato, dawa ya meno na peremende.

Je, ni salama? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inayopima viungio, yaani vitu vinavyoongezwa kwenye chakula, ilikadiria mwaka 1982 kwamba mtu anaweza kula hadi miligramu 2.5 za eujenoli kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku, maisha yake yote, bila wasiwasi. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 150. Karafuu moja kavu, kwa hesabu ya juujuu, ina kama miligramu 10. Kwa hiyo ingebidi atafune karafuu 15 kila siku ndipo afike mpakani. Sinia zima la pilau halina hizo kwa kila mlaji, na zile chache tunazokutana nazo wengi wetu huzitoa mdomoni na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Kuhusu saratani, shirika la WHO linalochunguza maradhi hayo liliiweka eujenoli mwaka 1987 katika kundi la tatu, yaani ushahidi uliopo hautoshi kuihukumu. Na nguvu yake ya kutuliza maumivu si hadithi za wazee tu: utafiti wa Kuwait uliochapishwa mwaka 2006 uliona jeli ya karafuu ikiganzisha ufizi sawa na benzokaini, dawa ya ganzi ya dukani.

Upande wa pili wanaanzia kwenye ngozi. Wapo watu ambao miili yao huikataa eujenoli. Mara ya kwanza hakuna kinachoonekana. Mwili unaisoma tu. Ikirudi mara nyingine, hata kidogo iliyomo kwenye losheni, ngozi inawasha na kuvimba, na mwili ukishaizoea chuki hiyo hausahau kirahisi. Ndiyo maana tangu 2005 Umoja wa Ulaya unadai jina lake liandikwe kwenye kipodozi cha kubaki mwilini kikiwa nayo zaidi ya asilimia 0.001, yaani sehemu moja katika laki moja, na zaidi ya asilimia 0.01 kwa vile vya kuosha na kusuuza. Orodha ya manukato yanayopaswa kutajwa hivyo ilikuwa na 26. Sheria ya mwaka 2023 imeipandisha ikapita 80, na mafuta ya karafuu yenyewe yamo.

Wapo wanaoona hapo njama ya kuikandamiza karafuu. Sikubaliani nao. Kuandikwa jina si kupigwa marufuku, na orodha hiyo hiyo imenasa harufu za machungwa, mawaridi na lavenda inayolimwa kwao Ufaransa. Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine: neno "Eugenol" likichapwa kwa herufi za sisimizi katikati ya majina thelathini humsaidia yule tu aliyekwisha kupimwa na daktari wa ngozi akaambiwa aliepuke. Bibi harusi anayesingwa kwa msio wa liwa, mawaridi na karafuu ya kusaga hana wa kumsomea karatasi yoyote.

Kuna hoja ya tatu ambayo huvuruga mjadala, kwa sababu watu huchanganya majina. Eujenoli ina ndugu yake, methili-eujenoli. Huyo alisababisha uvimbe wa ini kwa panya wa maabara, na mwaka 2023 shirika lile lile la saratani lilimpandisha hadi kundi la vitu ambavyo huenda kweli vinasababisha saratani kwa binadamu. Marekani ilimtoa kwenye orodha ya vionjo vya kutengenezwa mwaka 2018. Mamlaka yao ya chakula na dawa ilisema wazi kwamba kwa kiasi kilichokuwa kikitumika haikuona hatari kwa walaji, ila sheria ya mwaka 1958 hairuhusu kiungio kilichosababisha saratani kwa mnyama, hata kiwe tone. Ulaya nao wanakataza kumtia peke yake kwenye chakula, lakini wanayaacha majani na viungo vyenye naye kiasili. Navyo si vigeni kwetu: yumo kwenye kungumanga na kwenye mrehani, ule ule wa vikuba. Wenye miembe wanamjua kwa kazi nyingine kabisa, maana hutiwa mitegoni kuwavuta nzi dume wa matunda. Basi anayesema cha asili hakidhuru ana kesi ya kujibu hapa. Na anayetaka tuung'oe mrehani vibarazani naye amesahau kuuliza ni kiasi gani.

Kiasi ndicho kinachonirudisha kwenye kichupa changu. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina takriban gramu 4 za eujenoli. Kwa mtoto wa kilo 10, ambaye kipimo chake cha siku ni miligramu 25, hiyo ni kama mara 160. Si hesabu ya karatasi tu. Mwaka 1993 jarida la madaktari wa watoto la Uingereza lilieleza kisa cha mtoto wa miaka miwili aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Alizimia, ini likaharibika, damu ikashindwa kuganda. Alipona baada ya kuhangaikiwa sana hospitalini. Kiasi alichokunywa hakizidi kilichomo kwenye kichupa hiki, na kichupa hiki nimeuziwa kama dawa ya mtoto anayeota meno.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani, kwenye chungu niko na wapishi bila kusita. Kwenye losheni na sabuni niko na wanaodai jina liandikwe, kwa herufi zinazosomeka. Mafuta matupu ndiyo ninayoyahofia, na ajabu ni kwamba ndiyo yasiyozungumzwa: hayana kipimo, hayana onyo la watoto, hayaambii mtu ayachanganye na mafuta ya nazi kabla hayajagusa ngozi. Nilirudi dukani nikamuuliza yule mama kama anavyo vichupa vyenye kizibo cha ndani, kile kinachotoa tone moja moja hata mtoto akikiinamisha. Alikuwa navyo, vya mafuta ya udi. Vya udi ni ghali, akasema, mtu hataki yamwagike.