Wagumu Hawana Namba

Aisee, hii programu ya mishahara aliyonunua bosi wetu wa kampuni ya kupandisha watalii mlimani hapa Moshi itanitoa roho kabla ya mwisho wa mwezi. Imetengenezwa Marekani, na kule fidia ya kuumia kazini ina madaraja: kila kazi na namba yake, kila namba na kiwango chake kwa kila dola 100 za mshahara. Karani wa ofisini ni 8810, analipiwa vijisenti. Fundi wa kuezeka mapaa ni 5551, huyo bei yake inauma. Haya, ya kwao hayo. Mgumu wetu, mbeba mizigo wa mlimani, nimweke wapi? Mtu ana kilo 20 begani, anapandisha Kilimanjaro na mahema na mayai ya wazungu! Nikiandika "mpagazi" inaniletea wabeba mabegi wa hotelini.

Na huku kwetu hesabu yenyewe wala haina maneno. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, sisi wa sekta binafsi unatutoza asilimia 0.5 ya mshahara, mgumu na mkalia kiti sawasawa. Mwenye laki nne, elfu mbili. Kwisha. Mwambie basi mashine! Usipojaza daraja haikupi njia.

Kumbe habari zimevuja kwamba ofisini kunapangwa madaraja. Mpishi wa mlimani huyo mlangoni, kofia mkononi: "Kaka mhasibu, miaka yote niko chini. Safari hii nipandishe." Namweleza kwamba daraja la juu hapa ni la kuvunjika mguu, si la mshahara. "Sawa kaka, wewe nipandishe tu." Dada wa mapokezi kasikia ameitwa karani, amenuna mpaka chai hainipitii.

Bosi naye: "Hiyo 0.5 si tuwakate wenyewe?" Bosi, hiyo ni ya mwajiri, ukimkata mfanyakazi umevunja sheria. Akakohoa, akaulizia risiti za dizeli.

Basi nikaunda daraja moja, nikaliita WOTE, nikabandika 0.5, nikawamwaga humo kuanzia mlinzi. Programu ikauliza kama nina uhakika. Ninao, mama, wewe hifadhi.

Bosi akainamia skrini. "Na mimi nimo humu na wapishi?"

"Umo, bosi."

"Sasa ukubwa wangu unaonekana wapi?"

Nikamshushia ukurasa mpaka kwenye PAYE, kodi ya mshahara. "Hapa, bosi. Hapa hakuna anayekufikia."